Taarifa Imetumwa, Kazi Haijafanyika: Kutafuta Chanzo Kwa Kufuata Dalili

Kila mwisho wa robo mwaka, maofisini, malalamiko ni yale yale: "Watu hawasomi." Taarifa imetumwa, kimya. Chati imewekwa ukutani, na bado kikao kinauliza jambo lililomo ndani ya chati hiyo hiyo. Nimeandaa taarifa za utekelezaji kwa miaka mingi, na siku hizi siianzi kazi na kauli hiyo. Fundi wa pikipiki akiona moshi hamgombezi dereva. Anatazama rangi yake: wa bluu, oili inaungua, mweusi, petroli inazidi. Msomaji aliyekwama ni moshi. Hitilafu tuitafute kwenye karatasi tuliyompa.

Nimepanga dalili kama ninavyokutana nazo, kuanzia ujumbe wa simu hadi chati. Kwenye chati nitakaa zaidi, maana huko makosa hayaonekani kwa macho na maamuzi hufanyika juu yake.

Dalili: ujumbe umesomwa na wote, hakuna aliyetekeleza

Kwenye kundi la WhatsApp tiki hugeuka bluu pale tu wanakikundi wote wanapokuwa wameusoma ujumbe. Kwa hiyo kama ni bluu, tatizo si mtandao wala bando. Usome tena ujumbe wenyewe. Nina hakika umewahi kupokea wa namna hii:

"Habari za asubuhi. Natumaini wote mko salama. Kama mnavyofahamu, tupo mwishoni mwa robo na taarifa zinahitajika. Hivyo wahusika wote mnakumbushwa kuwasilisha taarifa zenu mapema iwezekanavyo ili kuepuka usumbufu. Asanteni kwa ushirikiano."

Wahusika wote ni nani? Kila mmoja anadhani anasemwa mwenzake. Taarifa ipi, na inapelekwa wapi? "Mapema iwezekanavyo" ni leo, au ni Ijumaa? Kiswahili chetu cha ofisi kimezoea "inaelekezwa", "mnakumbushwa", "ziwasilishwe", na humo ndani mtendaji anapotea. Ujumbe ule ule ukitibiwa unakuwa hivi:

"Habari za asubuhi. Maafisa ugani wa kata zote 14: naomba jedwali la mvua la Machi, mnitumie kwa barua pepe kabla ya Alhamisi tarehe 3 Aprili, saa 10 jioni. Kata isiyo na kipima mvua naomba iniandikie hivyo hivyo, nisiendelee kuisubiri."

Salamu imebaki. Wapo wanaofundisha kwamba salamu ni kupoteza muda. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, ujumbe usio na salamu kwetu unasomeka kama ugomvi. Kinachotakiwa ni ombi lije mara tu baada ya salamu, lisizikwe chini ya aya ya maelezo.

Kama anayechelewesha ni mkubwa wako, usimtaje kwa jina ndani ya kundi ukamwekea na tarehe ya mwisho. Hatajibu, na hutajua kama kimya chake ni cha shughuli au cha kukasirika. Mpigie, au pitia kwa katibu muhtasi wake, kisha mwandikie peke yake. Na maagizo yenye tarehe, kiasi cha fedha au majina ya watu usiyatume kwa sauti. Ujumbe wa sauti wa dakika nne hakuna anayeweza kuutafuta baadaye kwa neno moja, na ukishapitwa na ujumbe mwingine 60 umekwenda.

Dalili: watu wamefika kwa saa tofauti, au wameleta taarifa za miezi tofauti

Hili ni letu wenyewe, vitabu vya kigeni vya mawasiliano havilijui. Mwaliko unasema "kikao saa 8". Mtu wa mtaani anaelewa mchana. Aliyepokea mwaliko kupitia kalenda ya kompyuta anaona 8:00, anafika saa 2 asubuhi, anakaa chini ya mwembe hadi adhuhuri. Andika zote mbili: saa 8 mchana, 14:00. Ukiwa na wenzako walio London au Toronto, taja pia kwamba ni saa za Afrika Mashariki, na uiache kalenda ya simu ifanye ubadilishaji badala ya kila mtu kuhesabu kwa vidole.

Usiku nao una mtego wake. Pwani, kwa anayehesabu siku kuanzia magharibi, usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata Alhamisi. Mlinzi wa zamu akisoma "usiku wa Ijumaa" anaweza kuja siku moja kabla. "Usiku wa kuamkia Ijumaa" haina utata popote.

Kisha kuna robo. Mwaka wa fedha wa serikali nchini Tanzania, Kenya na Uganda huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo robo ya kwanza ni Julai hadi Septemba. Mfadhili anayefuata mwaka wa kalenda akiandika robo ya kwanza anamaanisha Januari hadi Machi. Nimeshaona majedwali mawili ya mradi mmoja yakigombana kikaoni, kumbe yote ni sahihi, kila moja likisema habari za miezi yake. Andika miezi yenyewe juu ya jedwali. Neno "robo" liwe la kusindikiza.

Dalili: waraka ulikuwa mzuri kwangu, kwake umefunguka umevurugika

Hapa vyanzo ni vichache na kila kimoja kina alama yake.

Kama mistari imekatika vibaya na kurasa zimeongezeka, fonti uliyotumia haipo kwenye mashine ya mwenzako. Kompyuta yake imeweka nyingine yenye herufi pana au nyembamba zaidi. Waraka wa kusomwa tu mtumie kama PDF. Wa kuhaririwa mtumie Word, kwa fonti ya kawaida.

Kama safu zimepinda, majina huku na namba kule, bonyeza alama ya ¶ kwenye Word. Ukiona vidoti vingi vimejipanga, mwandishi alisukuma maneno kwa kubonyeza nafasi mara kumi na tano. Futa, tumia tabo au, bora zaidi, jedwali lisilo na mistari.

Kama printa imegoma, angalia ukubwa wa karatasi. Violezo vingi vilivyotoka Marekani vimewekwa Letter, ambayo ni milimita 216 kwa 279. Karatasi iliyomo kwenye printa zetu ni A4, 210 kwa 297. Printa inangoja karatasi ambayo duka la vifaa vya ofisi mjini kwako pengine halijawahi kuiuza. Badilisha ukubwa ndani ya waraka, usiichokoe printa.

Kama barua pepe imekataa kiambatisho, tatizo ni picha. Picha 20 za simu, kila moja MB 4, ni MB 80, na Gmail inaishia MB 25. Zipunguze ndani ya Word kwa "Compress Pictures". Kuziburuta pembe zionekane ndogo hakupunguzi uzito wowote.

Na kama kwenye yaliyomo umekuta maneno "Error! Bookmark not defined", kuna kichwa cha habari kilifutwa au kubadilishwa baada ya orodha kutengenezwa. Bofya orodha, bonyeza F9, chagua "Update entire table". Fanya hivyo kabla ya kila kuchapisha, maana mkurugenzi akiona maneno hayo ukurasa wa pili atausoma waraka uliobaki kwa mashaka.

Dalili: namba zimebadilika bila mtu kuzigusa

Hii ndiyo inayonisumbua moyo kuliko zote, kwa sababu nyuma ya kila mstari kuna mtu.

Siku moja nilipokea orodha ya wanufaika ili niihakiki. Safu ya namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ilikuwa imejaa 1.99001E+19, 1.98507E+19, mstari baada ya mstari. Aliyeiandaa akaipa safu muundo wa "Number", zikaonekana namba kamili, akaridhika. Nikazitazama kwa karibu: kila namba iliishia na sifuri tano. Orodha nzima.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel inahifadhi tarakimu 15 za mwanzo tu za namba yoyote, zilizobaki inaziweka sifuri. Ukishahifadhi faili hakuna kitufe cha kuzirudisha. Tulilazimika kurudi kwenye fomu za karatasi, moja moja. Kinga ni ndogo mno: kabla ya kuandika au kubandika chochote, chagua safu nzima uipe muundo wa "Text". Au andika namba pamoja na vistari vyake kama ilivyo kwenye kitambulisho, Excel itaichukua kama maandishi. Ukipokea orodha ya mtu mwingine, kitu cha kwanza tazama mikia ya namba.

Namba za simu zinaugua ugonjwa wa jamaa: 0754 inageuka 754, sifuri ya mbele imeliwa. Dawa ni ile ile.

Tarehe zina alama nzuri ya utambuzi. Ukiona nusu ya tarehe zimeegemea kulia mwa seli na nusu kushoto, kompyuta ile inasoma tarehe kwa mtindo wa Marekani, mwezi ukitangulia. Tarehe 3/4 imeichukua kama 4 Machi ikaisukuma kulia. 13/4 haikuielewa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, ikaiacha kushoto kama maandishi. Usisahihishe zile za kushoto peke yake. Zilizoegemea kulia ndizo zenye makosa ya siri. Kwenye majina ya mafaili na majedwali ya pamoja, 2025-04-03, mwaka ukitangulia, haimchanganyi mtu, na mafaili yanajipanga yenyewe kwa mfuatano, bila "ripoti mpya", "ripoti mpya ya mwisho" na "ya mwisho kabisa".

Mkishirikiana na ofisi ya Bujumbura au Bukavu yenye kompyuta za mpangilio wa Kifaransa, kumbukeni kwamba kwao koma ndiyo ya desimali. Faili la CSV (data ya jedwali iliyohifadhiwa kama maandishi matupu) litakalofunguka likiwa limerundikana kwenye safu moja limetenganishwa kwa nukta mkato. Halijaharibika, lifungue kwa njia ya kuingiza data na uchague kitenganishi.

Dalili: chati ipo, kikao bado kinauliza "kwa hiyo?"

Soma kichwa cha chati. Kama kimeandikwa "Chati Na. 3: Idadi ya watu kwa mwaka", chati imetaja mada ila haijasema jambo. Mjumbe analazimika kukisia ulichotaka akione. Andika kile ulichokiona wewe: "Watu wameongezeka kutoka milioni 44.9 mwaka 2012 hadi milioni 61.7 mwaka 2022." Ukishindwa kuandika sentensi hiyo, huenda hiyo chati haihitajiki, jedwali dogo linatosha.

Dalili: kikao kimeelewa, lakini kimeelewa kinyume

Hii ni hatari zaidi, kwa kuwa hakuna anayeuliza swali. Tuchukue sensa za Tanzania, takwimu ambazo karibu kila ofisi ya mipango inazitumia. Kwa mamilioni: mwaka 1967, 12.3; 1978, 17.5; 1988, 23.1; 2002, 34.4; 2012, 44.9; 2022, 61.7. Ziweke kwenye Excel, chagua grafu ya mstari. Kipande cha kutoka 1988 hadi 2002 kinapanda kwa watu milioni 11.3. Kinachofuata, 2002 hadi 2012, kinapanda kwa milioni 10.5. Mstari unalegea kidogo, na mjumbe mwenye macho mazuri atasema ongezeko lilipungua baada ya 2002. Ataandikwa kwenye muhtasari.

Amekosea, na aliyemkosesha ni sisi. Kati ya 1988 na 2002 imepita miaka 14, kati ya 2002 na 2012 ni 10. Grafu ya mstari huzichukua hizo 1988, 2002 na 2012 kama majina tu, ikazipanga kwa umbali sawa kama vikombe kwenye sinia. Gawanya kwa miaka uone: kipindi cha kwanza ni watu 810,000 hivi kwa mwaka, cha pili ni milioni 1.05. Ongezeko lilipanda. Dawa: tumia chati ya aina ya "Scatter" yenye mistari, ambayo inaupa kila mwaka nafasi yake halisi. Kagua kwa macho: nafasi ya 1988 hadi 2002 lazima iwe ndefu kuliko nyingine zote.

Chanzo cha pili ni mhimili wa wima uliokatwa. Tuseme wanaopata maji walikuwa asilimia 82, sasa ni 85. Programu, kwa kutaka kukusaidia, inaweza kuanzisha mhimili kwenye 80. Upau wa kwanza unakuwa na urefu wa 2, wa pili 5. Jicho linaona mara mbili na nusu. Diwani akirudi kwenye kata yake na picha hiyo kichwani, wananchi wanaochota kwenye kisima kile kile watamwona mwongo. Pau zianze kwenye sifuri, daima, kwa sababu jicho linapima urefu wake. Grafu ya mstari haina sharti hilo: joto la mgonjwa likichorwa kuanzia sifuri, homa ya 39 itafanana na 37 ya mzima. Hapo kata mhimili, na uandike wazi unapoanzia.

Chanzo cha tatu ni chati duara. Tanzania ina mikoa 31, na nimewahi kupokea duara lenye vipande 31, kila kimoja na rangi yake. Hata ukichukua mikoa miwili tu mikubwa, kwa sensa ya 2022 Mwanza ina watu milioni 3.70 na Tabora milioni 3.39, tofauti ya watu zaidi ya 300,000. Kwenye duara la nchi nzima tofauti hiyo ni kama nyuzi 2 za pembe. Hakuna jicho linaloona nyuzi 2. Mwaka 1984 watafiti William Cleveland na Robert McGill walichapisha majaribio yao kuhusu jambo hili: watu hulinganisha vizuri zaidi nafasi kwenye kipimo kimoja kuliko wanavyolinganisha pembe au maeneo. Kwa hiyo pau zilizolala, mkoa wenye watu wengi juu, zikishuka kwa ukubwa. Duara nalibakizia vipande viwili au vitatu. Na chati za pande tatu zenye kivuli sizitumii kabisa. Upau wa nyuma hujificha nyuma ya wa mbele na hakuna anayejua usomwe kwenye ukingo upi.

Chanzo cha nne hujitokeza baada ya chati kuondoka mikononi mwako. Uliichora kwa rangi, ikatolewa fotokopi nyeusi na nyeupe, nakala 40. Nyekundu na kijani zimekuwa kijivu kimoja, na ufunguo pembeni hauna maana tena. Andika jina la kila mstari mwishoni mwa mstari wenyewe, kisha toa nakala moja ya fotokopi kabla ya zile 40.

Dalili: ukumbini watu wameinamia simu

Nenda nyuma ya ukumbi kabla kikao hakijaanza, mapazia yakiwa kama yatakavyokuwa, usome slaidi yako. Jedwali la safu 12 lililobandikwa kutoka Excel halisomeki hata na aliyekaa safu ya pili. Toa safu mbili zinazohusu uamuzi wa siku hiyo, zilizobaki ziende kwenye kabrasha. Maandishi chini ya pointi 24 siyaweki ukutani.

Ukishindwa kupata chanzo

Chukua ukurasa unaokusumbua, umpe mtu wa idara nyingine, mhasibu au mtu wa masijala, ambaye hakuwa kwenye maandalizi. Mwachie nusu dakika, kisha uuchukue. Muulize mambo mawili: umeelewa nini, na unadhani unatakiwa ufanye nini? Usimweleze chochote, usimsahihishe, hata akikosea waziwazi. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Akisema "sijui hii safu ya tatu ni ya nini", anza na safu ya tatu.